Ndege ya Mwalimu wa Kilibula

Kwenye harusi ya binti wa jirani, Mwalimu alipewa samaki wa ziwani, mukeke wa kukaanga. Akaonja, akaweka mfupa pembeni ya sahani, akasema kwa sauti ya darasani, "Saba juu ya kumi. Chumvi imechelewa." Mama wa bibi harusi alisikia. Kwa miezi mitatu hakumsalimia, na Mwalimu hakuelewa kwa nini, maana kwake saba ilikuwa alama kubwa. Sisi wanafunzi wake wa zamani tulielewa. Shuleni alikuwa anatoa saba mara mbili au tatu kwa mwaka mzima. Mimi sikuwahi kupita sita.

Alitufundisha kuchora kwa rula na bikari katika shule ya sekondari, kisha akastaafu, lakini alama zake hazikustaafu naye. Alitoa alama kwa mahubiri (sauti nane, maana nne), kwa barabara, kwa mvua, kwa namna mtu alivyofunga mzigo kwenye pikipiki. Aliyemwekea mpaka ni mkewe tu, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu. Siku moja alifungua mdomo atoe alama kwa bukari, ugali wa mkewe, na Mama akamwambia mbele yetu, "Hapa ndani iko mwalimu mumoja wa bukari, na si weye." Mwalimu akala kimya. Alipomaliza alininong'oneza, "Tisa," akatazama kama mkewe amesikia.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyejenga ndege.

Aliijenga kwenye uwanja wa nyumba yake, hapa Kilibula, kati ya jiko na choo, chini ya mabati aliyoyainua kwa nguzo sita. Ilikuwa ndege ya mbao, ya kiti kimoja. Ukimuuliza kwa nini anaijenga, jibu lilitegemea wewe ni nani. Padri aliambiwa ni kwa utukufu wa akili aliyotupa Mungu. Chef wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, aliambiwa ni kazi ya kielimu. Mimi aliniambia, "Miaka yote nilichora vitu vya watu wengine. Nilichora bawaba, nilichora ngazi, nilichora paa la shule. Nataka kuchora kitu kimoja halafu kinyanyuke."

Lakini alikuwa mwoga. Sisemi kwa kumtukana, mwenyewe alijua. Hakuwahi kupanda ndege yoyote. Mtumbwi wa ziwani hakuukanyaga, na bati la nyumba lilipovuja aliita mtu wa kupanda juu, yeye akabaki chini akishika ngazi kwa mikono miwili, macho ameyafumba.

"Mwalimu," nikamuuliza siku moja, "ile ndege ataiendesha nani?"

"Minye."

"Na ule uoga?"

"Uoga wangu ni wa ngazi," akasema. "Ngazi haina mabawa."

Mimi niliingia katika jambo hili kwa sababu ya kibanda changu. Nilikuwa na kibanda karibu na soko, chenye kompyuta mbili, mashine ya fotokopi na mashine ya kuchapa. Nilichapa mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, programu za misa, na matangazo ya vifo. Mwalimu alikuja akiwa amevaa flashi shingoni kwa uzi wa rozari iliyokatika, akataka kujifunza kuchora kwa mashine. Alikuwa amepita miaka sitini. Nilidhani ataacha baada ya wiki moja.

Programu ya kwanza niliyompatia ilitaka intaneti kila inapofunguliwa. Aliitazama ikizunguka-zunguka bila kufunguka, akasema, "Huyu ni mwanafunzi wa kuomba ruhusa ya kutoka kabla hajaingia." Ya pili ilikuwa na picha zinazogeuka. Unachora bawa, unalizungusha, unaliona kwa chini, kwa juu, kwa nyuma. Watu waliokuja kutoa fotokopi waliacha foleni wakaja kutazama. Mwalimu aliizungusha ndege yake mara nne, akashika meza, akaenda nje kutapika. Aliporudi alifuta midomo na kusema, "Minye nataka mustari. Sinema iko kwengine."

Ya tatu ndiyo aliyoichagua. Ilikuwa ya bure, ya zamani, inachora mistari bapa tu, na unaweza kuandika kipimo kwa tarakimu badala ya kuvuta kwa mkono. Alimpenda sana yule mwanafunzi wake mpya. Aliniambia wengi wanachagua programu kama wanavyochagua kitenge, kwa rangi. Yeye aliichagua kwa swali moja: nikiiambia milimita mia, itanipa milimita mia? Akaipangia matabaka yake: mbao tabaka moja, nyaya za umeme tabaka la pili, taa tabaka la tatu, kila moja kwa rangi yake, ili akizima moja abaki na mengine. Alizungumza nayo kwa heshima. "Futa huu mustari, tafazali," alikuwa anasema huku akibonyeza, na usipofutika, "Nimesema tafazali."

Kila karatasi aliyochora aliiwekea pembeni mstari mfupi wa milimita mia kamili, na chini yake kijisanduku kilichoandikwa IMEPIMWA. Sheria yake ilikuwa hii: mimi nikichapa, nishike rula, nipime ule mstari, nikikuta mia nitie saini ndani ya kijisanduku. Bila saini, karatasi haiendi kwa seremala. Mbavu za bawa zilikuwa kubwa kuliko karatasi zangu, kwa hiyo kila ubavu ulitoka vipande vipande, tukaviunga kwa gundi ya karatasi, halafu seremala akaubandika juu ya mbao na kukata kwa kufuata mstari. Saini yangu ndiyo iliyosimama kati ya kompyuta na msumeno. Nilijivuna nayo. Niliipamba kwa mkia.

Kabla ya kusema nilichokifanya na saini hiyo, niseme kidogo kuhusu taa, maana watu wa Kilibula hadi leo wakimkumbuka Mwalimu wanakumbuka taa.

Ndege haikuwa na injini bado, haikuwa na magurudumu, lakini taa zilijadiliwa kwa mwaka mzima. Nyekundu bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani. Hilo halikuwa na mjadala, ndivyo ndege zote za dunia. Mjadala ulikuwa taa zipi. Balbu za gari zilikula betri kama askari aliyetoka safari. Zile taa ndogo za pikipiki zilikula kidogo, lakini nyekundu yake ilikuwa kama midomo ya bibi harusi. Kijani haikupatikana kabisa. Mwishowe alichukua taa nyeupe ya pikipiki, akaifunika kwa kipande cha chupa ya plastiki ya kinywaji, akaitazama, akaongeza kipande cha pili, akatoa cha pili, akaweka nusu.

Kujaribu kulifanyika sebuleni kwake, saa sita mchana, madirisha yamezibwa na vitenge vyote vya Mama Mwalimu. Joto lilikuwa la tanuri. Jirani mmoja mmoja aliingia, akakalishwa kwenye kiti, Mwalimu akasimama upande wa pili wa chumba akiwa amenyoosha mikono kama msalaba, taa moja kila mkono na ile nyeupe ya mkiani nyuma yake.

"Unaona nini?"

"Naona baa," akasema jirani wa kwanza.

"Sijakuuliza uko wapi. Rangi!"

"Nyekundu na kijani."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi ndege iko inakuja kwako. Ungefanya nini?"

Jirani akafikiri. "Ningelipa, nitoke."

Akapewa mbili juu ya kumi. Mama Mwalimu alipokalishwa alisema, "Naona muntu amechukua taa ya jiko langu." Ilikuwa kweli, ile nyeupe ya mkiani ilitoka jikoni, na ilirudi huko kabla ya chakula.

Alitaka pia taa ya kuwaka na kuzima. Chef wa kartie alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa maji, akazungumza kwa upole. "Mwalimu, ile nyekundu na kijani, sawa. Lakini batu ba hapa wakiona kitu kinawaka na kuzima juu, hawataulizana fundi ni nani. Watakimbia na magodoro." Mwalimu alitafakari, akakubali. Alifungua kompyuta yangu siku hiyohiyo, akaenda kwenye tabaka la taa, akafuta ile ya kuwaka na kuzima. "Tafazali," akaiambia.

Sasa nifike kwenye saini.

Siku hiyo umeme ulirudi asubuhi baada ya kukosekana siku nne, na kila mtu mwenye shida ya karatasi alikuwa mlangoni kwangu. Nilikuwa na mialiko ya harusi mia mbili. Maua ya pembeni yalikuwa yanakatika, mama wa bwana harusi ananipigia kelele, basi nikaingia kwenye mpangilio wa mashine na kuchagua pale panaposema kurekebisha kurasa zienee kwenye karatasi. Mashine ikapunguza kila kitu kidogo, maua yakaingia, mama akanyamaza. Halafu Mwalimu akaleta flashi: mbavu zote za bawa la kushoto. Za kulia nilikuwa nimeshazichapa wiki iliyotangulia, sawasawa.

"Zipime," akasema. "Minye nakwenda kuangalia mbao, nitarudi."

Nilisahau kurudisha mpangilio. Na hilo kila mtu anaweza kulisahau. Lakini rula ilikuwa chini ya mialiko, watu walikuwa wanasukuma, umeme ulikuwa unapepesa, na karatasi zilikuwa nyingi. Nikachukua kalamu na kutia saini kwenye visanduku vyote, kimoja baada ya kingine, na mikia yake, bila kupima hata kimoja.

Seremala alikuwa mtu wa hapahapa, mpole, asiyesema sana. Mbao zilitoka milimani, mti tunaouita mfumbati, uliokaushwa miaka miwili chini ya kitanda cha Mwalimu. Mama Mwalimu alilala juu ya ndege muda wote huo. Seremala alikata mbavu za kushoto kama karatasi zilivyosema. Alipokuja kupitisha ule mti mrefu unaozishika mbavu zote, matundu yakawa madogo. Akayapanua kwa patasi. Alidhani ni kawaida, kwa kuwa karatasi zilikuwa na saini.

Siku ya kufunga mabawa, Kilibula nzima ilikuwa uwanjani. Bawa la kulia likaingia. La kushoto likaingia. Watu wakapiga makofi, halafu makofi yakapungua, kama mvua inapokatika. Bawa moja lilikuwa pana, la pili jembamba. Mwalimu aliweka mkono wake pale, akapima: vidole vitatu.

"Fundi," akasema, "hii ni nini?"

"Nimefuata karatasi, Mwalimu."

"Karatasi imepimwa! Iko na saini!" Akageuka akanitazama. "Si ulipima?"

Mimi nilikuwa nimeshika soda. Nakumbuka baridi yake. Nikasema, "Nilipima, Mwalimu."

Basi akamfukuza seremala mbele ya watu wote. Alimwambia amekula mbao ambazo hazitapatikana tena, kwamba patasi yake ilimwonyesha kosa na yeye akaendelea. Mtu mmoja kwenye umati akapaza sauti, "Vidole Vitatu!" na jina likashika siku hiyohiyo. Watoto waliliita njiani. Wageni walimtazama mikono na kuhesabu, wakakuta vidole kumi, wakachanganyikiwa. Hakuna aliyempa tena kazi ya mlango wala kitanda, kwa hofu kwamba upande mmoja utakuwa mfupi. Kabla ya mwaka kuisha alihama na familia yake akaenda kijijini Runingu.

Mimi nilirudi kibandani jioni ileile, nikachukua karatasi moja iliyobaki, nikapima. Tisini na sita. Nikaiweka chini ya trei ya mashine ya fotokopi na nikafungua mlango kesho yake kama kawaida. Nilijiambia nitasema Mwalimu akitulia. Alipotulia nikajiambia kwamba kusema sasa ni kumchokoza upya. Nilikuwa hodari wa sababu.

Ndege haikunyanyuka. Mwalimu hakuwa na mbao nyingine wala nguvu ya kukausha nyingine. Kuku walianza kutaga kwenye kiti cha rubani, na Mama Mwalimu hakuwafukuza. Mwalimu mwenyewe aliendelea kuja kibandani, akachora madirisha ya watu na makaburi, akanipa sita kwa kahawa yangu. Hakuniuliza tena kuhusu bawa. Aliniamini, ndiyo maana.

Mwaka huu nimefunga kibanda. Macho yamechoka, na simu zinafanya kazi yangu yote. Nilipokuwa natoa mashine ya fotokopi, karatasi ikaanguka. Ilikuwa imepauka lakini saini ilikuwa safi, na mkia wake.

Nikaipeleka nyumbani kwa Mwalimu. Mwalimu sasa anatembea kwa fimbo. Nilimkuta amekaa kivulini mwa bawa lile pana, lililotokeza nje ya mabati na ndilo linalotoa kivuli kizuri. Nikampa karatasi na rula, nikasimama kama nilivyosimama mbele yake nikiwa na miaka kumi na tano.

Alipima. Akapima tena. Akageuza rula akapima kwa upande wa pili.

"Hukupima," akasema.

"Sikupima. Na nilijua tangu siku ile jioni."

"Na ukaniambia ulipima."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kama tofauti ingekuwa kidole kimoja tu, nisingeona. Ningepanda. Ungeniua kwa mialiko ya harusi."

Nilingoja alama. Hakutoa. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaita, "Mama! Viatu vyangu!"

"Unakwenda wapi?" Mama Mwalimu akauliza kutoka jikoni.

"Runingu."

"Na nini?"

"Na pikipiki."

Mama akatoka na mwiko mkononi, kuhakikisha ni yeye aliyesema.

Alipanda. Mimi nilikaa nyuma ya dereva tuliyemkodi, yeye nyuma yangu, na dereva wa pili akabaki kutafuta mbuzi wa kutufuata naye. Mwalimu alinikumbatia kiuno kwa nguvu hadi nikashindwa kupumua, na kwenye kila shimo aliita watakatifu ambao sikujua kama anawajua. Tuliposhuka Runingu alishika fimbo kwa mikono miwili, kama alivyoshika ngazi zamani.

Ilikuwa Jumapili mchana. Seremala alikuwa nyuma ya nyumba yake, bila shati, analaza mbao juani. Amezeeka, amekonda. Alituona, akaendelea kulaza mbao.

"Fundi," Mwalimu akasema, "tumekuja."

"Nawaona. Mwalimu na Papa wa fotokopi." Hakutuletea viti.

Nikasema yote. Nilisema mpangilio, saini, rula chini ya mialiko, tisini na sita, soda. Sikuficha hata soda. Mwalimu akatoa karatasi, akamwekea juu ya mbao pamoja na rula. Kisha akasema, "Na minye nilikuwa na mukono, na nilikuwa na rula. Nilipima bawa. Sikupima karatasi. Nilikufukuza kwa sababu batu walikuwa wanatazama."

Seremala hakugusa rula. Alitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha ule mkia wa saini.

"Binti yangu aliolewa," akasema. "Kwenye mahari, upande wa pili walicheka, wakauliza kama kitanda cha bibi harusi kitatengenezwa na baba. Kijana wangu aliacha ufundi. Alisema hawezi kubeba hilo jina na randa kwa wakati mumoja." Akanitazama mimi. "Weye ulikuwa unapita kwangu kila siku. Ulikuwa unanisalimia."

"Nilikuwa nakusalimia."

"Kwa nini?"

Nilitafuta zile sababu zangu zote. "Nilikuwa naona haya kukupita bila kusalimia," nikasema.

Alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, nami sikujua nikipokee vipi. Mwalimu akaanza, "Tumekuletea mbuzi, yule dereva wa pili anakuja naye nyuma, na tulifikiri tukae, tuombane musamaha hapa, kama ndugu..."

"Hapa?" seremala akakatiza. "Hapa nani ananijua? Hapa ni mihogo. Mulinifukuza Kilibula, batu wamejaa mpaka kwenye ukuta. Sasa munanirudisha porini, mbele ya mbuzi?"

Mwalimu akaokota rula juu ya mbao.

"Unasema kweli," nikamwambia. "Tutafanya mkutano. Jumapili ijayo, baada ya misa, tutawaita watu..."

"Leo ni nini?"

"Jumapili."

"Misa imekwisha?"

"Imekwisha."

Seremala akaingia ndani. Tukasikia maji kwenye beseni. Alitoka na shati jeupe, bado lina mikunjo ya sanduku, akafunga kifungo hadi cha juu kabisa kinachobana shingo. Akamwendea dereva wa pikipiki, aliyekuwa amelala juu ya kiti chake, akamgonga goti.

"Batu ba Kilibula wako nyumbani saa hii," akatuambia. "Mwalimu, weye kaa nyuma ya dereva, minye nitakushika usianguke." Halafu akanionyesha mimi kile chuma cha mizigo huko nyuma kabisa. "Na weye kaa pale. Njia ni ndefu. Panga maneno yako."